Tulilipia likizo ya shambani Italia, tukakuta mizeituni na paka wawili. Hili nalo ni shamba?

#1 MamaWatatu_Munich
Habari za jioni wanajukwaa. Naombeni wenye uzoefu mnijibu kwa upana, maana suala hili linanikera tangu mwaka jana.

Tunaishi Munich, mimi, mume na watoto watatu: miaka 4, 9 na 13. Agosti iliyopita tuliamua tusiende ufukweni, tukalale shambani watoto waone chakula kinatoka wapi. Tukapata agriturismo, yaani nyumba ya wageni ndani ya shamba, kusini mwa Siena, mkoa wa Toscana. Picha zilikuwa na punda, kuku, na mama mmoja anakanda unga mezani. Tukalipia wiki nzima, Jumamosi hadi Jumamosi, kwani msimu ule hawakubali pungufu.

Kufika, mizeituni kila upande, bwawa la kuogelea, paka wawili. Punda tulimwona siku ya tatu, kumbe ni wa jirani. Mama wa unga hayupo. Funguo tulikabidhiwa na kijana aliyekuja na pikipiki akaondoka. Yule mdogo wangu alikuwa amebeba kikapu cha plastiki toka Munich kwa ajili ya kuokota mayai. Kila asubuhi anasimama mlangoni na kikapu chake ananiuliza, "Kuku wameamka?" Siku ya tano akaacha kuuliza, akaanza kukitumia kuweka mawe.

Mwezi wa saba mwaka huu bibi yao anakuja kutoka Kibosho. Mume anataka tena Toscana, shamba jingine. Mimi naangalia milimani, Südtirol, kaskazini kabisa mwa Italia wanakosema Kijerumani. Maswali: mwaka jana tulidanganywa? Na shamba la kweli nitalijuaje kabla sijatoa hela?

#2 Mzee_wa_Usambara
Dada, pole. Ila unamtoa bibi Kibosho, kwenye kihamba chenye migomba, kahawa na ng'ombe bandani, unampeleka Italia alipie kuona kuku! Leteni hao watoto Lushoto, mayai wataokota mpaka wachoke.

#3 Damu_ya_Watamu
Mzee #2, likizo ni ya wajukuu.

Dadangu, mimi nimefanya kazi na Waitaliano Watamu na Malindi miaka kumi na minne, na huko kwao nimekwenda mara mbili. Hukudanganywa. Agriturismo ni jambo la kisheria. Sheria ya kwanza ni ya 1985, ikaja nyingine 2006, namba 96. Inasema mwenye nyumba lazima awe mkulima, na kilimo ndicho kiwe kazi kubwa, wageni wawe nyongeza. Kipimo ni muda wa kazi. Sasa mizeituni ni kilimo, mizabibu ni kilimo. Hakuna palipoandikwa lazima afuge kuku. Wewe ulitafuta shamba la mifugo ukalipia shamba la mafuta.

#4 Mpenda_Vifungu
Nakubaliana na #3, ila kuna sehemu ameiruka. Sheria hiyohiyo ya 2006 inasema pale wageni wa kulala na kula hawazidi kumi, kilimo kinahesabiwa kuwa ndicho kikubwa moja kwa moja, bila kupima saa za mtu. Kwa hiyo mwenye vyumba vitatu vinne na mizeituni yake anapita vizuri tu. Na masharti mengine yanapangwa na kila mkoa, ndiyo maana Toscana na Bolzano (yaani Südtirol) si sawa. Mimi naona jibu la swali lako liko hapo, kwenye ule udogo.

#5 Binti_wa_Matufaha
Hamjambo. Mimi nimechuma matufaha bonde la Vinschgau, hukohuko Südtirol, misimu mitatu, Agosti mwisho hadi Oktoba. Sheria waachieni wanasheria, hili ni suala la msimu. Dada alikwenda Agosti. Toscana Agosti ni joto kali na kila kitu kimesimama: zabibu huvunwa Septemba, zeituni Oktoba na Novemba. Angekwenda Novemba angekuta nyavu zimetandikwa chini ya miti, watu wanapukutisha zeituni, na mashine ya kukamulia mafuta inanguruma hadi usiku wa manane. Shamba lilikuwepo. Lilikuwa limelala.

Na milimani tahadhari, wanyama hawapo. Kuanzia Juni ng'ombe wote hupandishwa malisho ya juu, wanarudi Septemba wamevishwa mashada ya maua na kengele kubwa. Usiende Julai ukitegemea kukama.

#6 MamaWatatu_Munich
Asante #3, #4 na #5. Binti, umenitisha. Bibi anafika mwezi wa saba na kubadilisha haiwezekani, viza imeshapangwa hivyo.

#7 Kaka_Mbezi
Hapo kwenye viza, jiandae. Bibi akiwa na viza ya Mjerumani atahitaji nyingine ya Mwitaliano.

#8 Mpenda_Vifungu
Si kweli, kaka #7. Viza ya Schengen ya siku chache ni moja kwa eneo lote. Akipewa na Ujerumani, na muda wake mwingi atakaa kwako Ujerumani, anaweza kuingia Austria na Italia ndani ya siku alizoandikiwa, zisizidi 90 katika kila siku 180. Abebe pasipoti yenyewe, asiiache Munich, maana polisi husimamisha magari na treni za Brenner, mpakani mwa Austria na Italia. Bima yake isiwe chini ya euro 30,000 na iwe inafanya kazi nchi zote za Schengen.

#9 Kaka_Mbezi
Nimekuelewa mkuu, nashukuru kwa marekebisho.

#10 Baba_Kivu
Jambo kwa wote. Mimi naishi Bruxelles, kwetu ni Bukavu. Nimsahihishe kidogo Binti #5: si ng'ombe wote wanaopanda. Sisi tulilala Südtirol Julai, siku tisa. Waliopanda ni mitamba na wale wasiokamuliwa. Wa maziwa walikuwa sita, walibaki, maana gari la maziwa linapita kila siku na mkulima anaishi kwa maziwa hayo. Mashamba mengine kweli hupandisha wote. Kwa hiyo usiulize "mna ng'ombe?" Uliza: "Tarehe 12 hadi 19 Julai, ni wanyama gani watakuwa nyumbani?" Maneno mawili hayo, tarehe na nyumbani, yaandike.

Sasa nikupe na upande mwingine. Mdogo wetu wa miaka 6 alikuwa anaamka kabla yetu kwenda zizini, anarudi ananuka, furaha tupu. Mkubwa wa 14 siku ya pili alishachoka. Anakaa kitandani na simu, mtandao wenyewe wa kusuasua. Kilichomwokoa ni farasi. Kule wana farasi wa rangi ya kahawia wenye manyoya ya shingo meupe, Haflinger, jina la kijiji cha Hafling juu ya Merano. Binti wa mkulima akamfundisha kumpiga brashi farasi, kumvalisha hatamu, kumtembeza. Basi hatukumwona tena. Wako wa 13 mfikirie peke yake.

#11 Binti_wa_Matufaha
Baba_Kivu asante, umesema sahihi, mimi nilikuwa bondeni kwenye matufaha na mazizi niliyoyaona yalikuwa matupu.

#12 Mwanafunzi_Firenze
Habari zenu. Nimesoma Firenze miaka minne, na naona wote mnazungukia pembeni. Sababu ya mashamba ya Toscana kukosa mifugo ni ya kihistoria. Zile nyumba za mawe za vilimani zilikuwa za mezzadria: ardhi ya tajiri, familia ya mkulima inalima na kugawana mavuno naye. Familia ilikaa ghorofani, ng'ombe wa kukokota jembe walikaa chini, joto lao linapanda juu wakati wa baridi. Miaka ya 50 na 60 watu wakahamia viwandani, na 1964 ikapitishwa sheria ya kuzuia mikataba mipya ya aina hiyo. Watu walipoondoka, wanyama nao wakaondoka. Baadaye nyumba zikakarabatiwa kwa wageni.

Dada, chumba mlicholala kama kilikuwa chini na dari lake ni la matao ya matofali, mlilala zizini.

#13 MamaWatatu_Munich
Mwanafunzi, umenishangaza. Kilikuwa chini, na matao yalikuwepo! Ukutani kulikuwa na pete za chuma, watoto walikuwa wanatundikia mataulo.

#14 Mwanafunzi_Firenze
Ndizo hizo, pete za kufungia ng'ombe.

#15 Damu_ya_Watamu
Historia nzuri, lakini haielezi picha ya punda na kuku kwenye tangazo. Kama wanyama waliondoka miaka ya 60, picha za rangi zilitoka wapi?

#16 Dada_Verona
Ngoja niwajibu mimi niliyefanya usafi kwenye nyumba za namna hiyo misimu miwili. Kuku walikuwepo. Wageni ndio waliowaondoa. Mgeni analipa fedha nyingi, saa kumi na moja alfajiri jogoo anawika, analalamika. Nzi, analalamika. Harufu, anaandika maoni mabaya, na nyota zinashuka. Mwenye nyumba niliyefanya naye kazi aliuza mbuzi wote mwaka wa pili, akaongeza viti vya kulalia jua. Picha za mbuzi akaziacha kwa sababu zilikuwa nzuri. Huo ndio ukweli niliouona kwa macho yangu.

#17 Mpenda_Vifungu
Lakini dada #16, hiyo ni nyumba moja.

#18 Dada_Verona
Ni mbili, kaka. Ya pili walibakiza bata.

#19 Bin_Darajani_Muscat
Assalaam alaykum. Sisi tuko Muscat, asili Unguja. Tumekwenda Toscana mara mbili na Südtirol mara moja, familia ya watu saba. Nitagusia chakula na pesa.

Chakula: milimani nyama ya nguruwe imeingia kila mahali. Ile wanayoiita speck hukatwa vipande vidogo ikatiwa ndani ya madonge ya mkate, na supu juu. Usipouliza huijui. Toscana na Emilia mikate mingine hukandwa kwa mafuta ya nguruwe, strutto, kwa hiyo uulize hata mkate. Sisi huchukua chumba chenye jiko na twapika wenyewe. Mayai, maziwa, mboga twanunua kwa mwenye shamba. Maziwa mabichi twayachemsha kwanza, usimpe mtoto hivihivi.

Pesa: tazama neno lililoandikwa kwenye mkataba. Likiwa caparra confirmatoria, hiyo ndiyo arubuni yetu: ukighairi wewe umeipoteza, akighairi yeye akurudishie mara mbili. Likiwa acconto, ni malipo ya awali tu, na kurudishiwa kwategemea mlivyokubaliana. Mwaka mmoja mwenye nyumba alitughairi wiki mbili kabla, akataka kuturudishia ileile tuliyotoa. Tukamwonesha neno lake mwenyewe. Akalipa mara mbili.

#20 Mzee_wa_Usambara
Bin Darajani, hapo kwenye arubuni umefundisha. Sasa na ugali? Bibi wa Kibosho atakaa wiki nzima anakula tambi?

#21 Dada_Verona
Mzee, huku kwetu Veneto kuna unga wa mahindi meupe, polenta bianca. Nunua uliosagwa laini, songa kama kawaida. Ule wa njano chengachenga unakuwa mzito na tamu kidogo, watoto wanaupenda. Bibi asibebe nyama kavu wala maziwa kutoka nyumbani, wasafiri wa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hawaruhusiwi, watamnyang'anya uwanjani na itamuuma.

#22 Mzee_wa_Usambara
Nimeridhika. Sasa dada, kasonge huo ugali utuwekee picha.

#23 Kaka_Mbezi
Na umeme ukoje? Shemeji yangu alikwenda Umbria, kila wakiwasha oveni umeme unakatika.

#24 Mwanafunzi_Firenze
Nyumba nyingi za Italia mkataba wake wa umeme ni kilowati 3. Ukiwasha oveni, mashine ya kufulia na birika kwa pamoja, swichi kuu inajizima. Siku ya kwanza muulize mwenyeji swichi iko wapi. Kwetu ilikuwa nje, nyuma ya kuni, na tuliitafuta gizani kwa tochi ya simu.

#25 Binti_wa_Matufaha
Nirudi kwenye mada, kuna jambo sijaona likitajwa. Ukichagua shamba la matufaha bondeni, uliza kuhusu dawa. Trekta linapita asubuhi mapema limevuta pipa lenye feni kubwa nyuma, ukungu mweupe unapanda juu ya miti na upepo unaupeleka unakotaka. Sisi tulikuwa tunaanua nguo tukisikia mlio tu. Wenyeji wenyewe wamegombana sana juu ya hili. Mwaka 2014 wakazi wa Mals, juu kabisa ya bonde hilo, walipiga kura ya maoni na wengi wakataka dawa za kemikali zipigwe marufuku, kesi zikafuata. Kwa mtoto wa miaka 4 anayeokota kila kitu, mimi ningepanda juu, mita elfu na zaidi, kwenye nyasi na ng'ombe. Matufaha yanaishia chini huko.

#26 Baba_Kivu
Binti, hilo sikulijua, na ni la maana. Sisi tulikuwa juu.

#27 Mgeni_Wenu
Samahani nauliza, na sisi weusi tunapokelewaje mashambani huko? Mjini nimezoea, kijijini ndiko naogopa.

#28 Binti_wa_Matufaha
Swali zuri. Nitakwambia kwa haki. Nikiwa mfanyakazi, mara kadhaa nilikwenda kunywa kahawa kijijini nikaulizwa kama natafuta kazi, hata nikiwa nimevaa nguo za Jumapili. Huko mtu mweusi shambani wamemzoea kama kibarua. Haipendezi. Lakini familia niliyokuwa nikiwachumia walinikalisha mezani kwao kila mchana, na mama mwenye nyumba bado ananitumia picha za wajukuu.

#29 Baba_Kivu
Kwetu siku ya kwanza majirani walitutazama sana. Siku ya tatu mvua ilikuwa inakuja na majani makavu yako chini, mteremkoni ambako trekta halipandi. Mkulima hakuomba msaada, lakini mke wangu alichukua reki akaingia. Kwao Walungu kazi hiyo anaijua. Tukakusanya wote hadi giza. Kuanzia hapo salamu zilikuwa kwa majina.

#30 Damu_ya_Watamu
Mumeo naye tusimsahau, dada. Kama moyo wake uko Toscana, asirudi kwenye mizeituni ya Siena Agosti. Aangalie maeneo ya jibini la kondoo kuzunguka Pienza. Wachungaji kutoka Sardegna walihamia huko miaka ya 50 na 60 nyumba zilipoachwa, na wengine bado wanakama. Au ashuke Maremma, upande wa Grosseto, kuna ng'ombe wa kijivu wenye pembe ndefu na wachunga ng'ombe wa farasi, butteri. Na atafute maneno fattoria didattica. Hayo ni mashamba yaliyosajiliwa kufundisha watoto, ila aulize kwanza kama yana wanyama.

#31 Mhaya_Halisi
Pembe ndefu kama za Ankole?

#32 Damu_ya_Watamu
Zapinda juu kama kinubi, ila nyembamba. Za Ankole ni nene.

#33 Mhaya_Halisi
Basi za kwetu ndizo zenyewe.

#34 Mpenda_Vifungu
Kwa Südtirol tafuta alama ya Roter Hahn, jogoo mwekundu. Ni ya chama cha wakulima wa huko, wanapanga mashamba kwa maua badala ya nyota, na wanaandika shamba linafuga nini. Kijerumani mnakijua, simu moja inatosha. Na uulize kama wanatoa kadi ya wageni ya usafiri, wengi wanatoa, mabasi na treni za mkoa mzima bure. Msisafiri Jumamosi, tangu Januari 2025 daraja la Lueg pale Brenner linatengenezwa na foleni ni ndefu.

#35 MamaWatatu_Munich
Ndugu zangu, asanteni. Juzi niliandikia mashamba manne kwa maneno ya Baba_Kivu, tarehe na nyumbani. Mawili hayajajibu. Moja limesema kweli kwamba Julai zizi ni tupu, linashauri Septemba. La nne, bonde la Ulten, mama mwenyewe ameandika: ng'ombe wanne wa maziwa watabaki, mbuzi, kuku kumi na mmoja, sungura. Akaweka picha ya leo, matope na kila kitu. Farasi hana, jirani anaye.

Nikampigia bibi. Hakuuliza bei wala viza. Ameuliza: wanakamwa saa ngapi, wanakula nini wakati wa baridi, na je, huyo mama atakubali yeye akame mmoja kwa mkono?

Mume bado anaitaja Toscana. Nimemwonyesha #30, sasa anasoma habari za Maremma.

#36 Dada_Verona
Mimi bado nasema kuku wa mwaka jana waliondolewa na wageni.

#37 Mwanafunzi_Firenze
Na mimi bado nasema waliondoka na mezzadria.

#38 Binti_wa_Matufaha
Mwambie bibi huko wanakama saa kumi na mbili asubuhi na jioni hivyohivyo, kwa mashine. Majani wanayokausha sasa ndiyo chakula cha baridi yote. Kuhusu kukama kwa mkono, mwandikie huyo mama leo, usingoje mfike. Na kikapu cha mdogo msikisahau.